Homa ya mtoto usiku: lini usubiri kuche, lini uondoke sasa hivi

Homa ya mtoto ina tabia ya kupanda jioni na usiku. Joto la mwili wa kila binadamu huwa chini alfajiri na juu jioni, na kwa mtoto mgonjwa tofauti hiyo huonekana zaidi. Ndiyo maana mtoto aliyeshinda akicheza anaweza kuwaka moto saa mbili za usiku, wakati dirisha la wagonjwa wa nje limeshafungwa, daktari wa mchana amekwenda kwake, na duka la dawa la jirani ndilo pekee lenye taa.

Makala haya ni ya saa hizo. Yanahusu zaidi makazi ya wakimbizi ya Uganda, yaani Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, pamoja na vijiji vya wenyeji vinavyopakana nayo. Taratibu za vituo zinatofautiana ukifika Nyarugusu au Kakuma, lakini mwili wa mtoto ni ule ule. Swali la mzazi usiku ni moja: twende sasa, au tungoje kuche? Jibu lake halimo kwenye kipimajoto wala kwenye chupa ya Panadol. Limo katika umri wa mtoto na katika namna anavyoonekana na anavyofanya.

Neno "homa" lina maana nyingi

Kabla ya mengine, neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu "homa" ni joto la mwili, lakini wengine wakisema homa wanamaanisha malaria, na wengine, hasa waliotoka Kenya, wanamaanisha mafua. Muuguzi wa zamu anayeongea Kinyankole au Kiganda anaweza kuwa na Kiswahili kidogo tu, na mkalimani wa mchana huwa hayupo usiku. Ukimwambia tu "mtoto ana homa", hujui amesikia nini. Sema "mwili wake ni moto", sema tangu lini, halafu taja kile kinachokuogopesha: amekataa kunyonya, amestuka-stuka, anapumua haraka. Kwa Kinyankole joto la mwili huitwa omuswija, kwa Kiganda omusujja, kwa Kinyarwanda umuriro. Maneno hayo matatu yanafaa kukaririwa.

Kwa kipimajoto kinachowekwa kwapani, nyuzi 37.5 au zaidi ni homa. Kama huna kipimajoto, na kaya nyingi hazina, weka mkono wako tumboni au kifuani mwa mtoto, si kwenye viganja wala miguu. Mtoto anaweza kuwa na miguu ya baridi huku kifua kinawaka. Mkono wa mama hautaji namba, lakini mama akisema "huyu si moto wake wa kawaida", mhudumu mzuri humsikiliza.

Namba ikiwa kubwa peke yake haitoshi kukuambia hatari. Mtoto wa miaka mitatu mwenye nyuzi 39.5 anayekunywa maji, anayemjua baba yake na anayelalamika kwa sauti yuko katika hali nzuri kuliko mtoto wa nyuzi 38 aliyelegea na asiyetaka hata kufungua macho. Tunasisitiza hili kwa sababu tumezoea kuuliza "homa ni ngapi?" na tunasahau kuuliza "mtoto yukoje?"

Mtoto ambaye hangoji asubuhi

Tuanze na umri. Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu akiwa na homa, apelekwe usiku huo huo, hata kama anaonekana mzima. Mwili wake haujajifunza kupigana na maambukizi, na ugonjwa mkubwa kwake unaweza kuonekana kama uchovu tu. Na kwa mtoto wa umri huo, mwili kuwa wa baridi isivyo kawaida huku amelegea na hanyonyi ni hatari sawa na homa.

Wapo pia watoto ambao homa kwao ni jambo la haraka hata wakiwa wakubwa: mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu, mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI, na mtoto mwenye utapiamlo mkali aliye katika mpango wa chakula cha lishe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali mara nyingine hata hapandishi joto sana, kwa hiyo usisubiri awake moto ndipo uamini kuwa anaumwa.

Kwa watoto wengine wote, hizi ndizo dalili za kuondoka sasa hivi, iwe saa nne au saa tisa za usiku:

- hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu anachopewa;
- amepata degedege, hata kama imeisha;
- amelegea sana, hamjui mtu, au ni vigumu kumwamsha;
- anapumua haraka, au ngozi chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi;
- shingo imekakamaa, au utosi wa mtoto mdogo umevimba;
- viganja, midomo na ndani ya kope za chini vimepauka;
- mkojo ni mweusi kama chai ya rangi au soda, au hajakojoa tangu mchana;
- anatokwa damu, au ana madoa mekundu au ya zambarau yasiyopotea ukiyabonyeza.

Kuhusu kupauka, tazama viganja vya mtoto ukilinganisha na vyako kwenye mwanga wa tochi ya simu. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na mtoto anaweza kupungukiwa damu kwa siku chache tu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuhitaji kuongezewa damu, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika hospitali au kituo cha daraja la nne. Mkifika mapema kituo cha karibu, ndipo gari la wagonjwa litakapoitwa mapema.

Kuhesabu pumzi

Hiki ni kipimo ambacho hakihitaji pesa, na watu wachache hukitumia nyumbani. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Inua nguo yake uone tumbo au kifua. Weka saa ya simu dakika nzima na uhesabu kila mara tumbo linapopanda. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja.

Pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2 ni nyingi mno. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, mpaka ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka 5, mpaka ni 40. Ukipata namba hizo au zaidi pamoja na homa au kikohozi, inaweza kuwa nimonia, na nimonia huua watoto kimyakimya, pasipo kelele ya degedege. Homa yenyewe huongeza pumzi kidogo, kwa hiyo kama umempa paracetamol hesabu tena baada ya saa moja. Lakini mbavu zikiingia ndani usihesabu tena, ondoka.

Degedege

Hakuna kinachotisha wazazi kama degedege. Pwani ya Kenya wanaiita nyuni, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu husema ni ndege aliyepita juu ya nyumba, kwa hiyo wa kwanza kuitwa si muuguzi bali mtaalamu wa miti shamba. Hatuandiki ili kudharau wazee wetu. Ndege au si ndege, mtoto huyo anahitaji kupimwa malaria usiku huo, na kila saa inayopotea kwa moshi na mafusho inahesabika.

Watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 wanaweza kupata degedege kwa sababu ya homa peke yake. Nyingi huisha zenyewe kabla ya dakika 5 na haziachi madhara. Tatizo ni kwamba, katika maeneo yetu, degedege inaweza pia kuwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na hakuna mtu anayeweza kutofautisha kwa macho akiwa nyumbani. Kwa hiyo kila degedege yenye homa inakwenda kituoni.

Inapoanza, mlaze mtoto ubavu chini, mahali pasipo na jiko wala kona ya kitanda. Tazama saa. Legeza nguo shingoni. Usimshike kwa nguvu, usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji ya baridi, na usimpe dawa ya kumeza wala mafuta ya taa wala mkojo, maana chochote kinachomiminwa mdomoni mwa mtoto asiyejitambua kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kama imefika dakika 5 haijaisha, anza safari huku inaendelea, mtoto akiwa amelazwa ubavu mikononi. Kama imeisha, mwache ubavu hadi azinduke, kisha ondokeni.

Kama dalili hizo hazipo

Basi mtoto anakunywa, anaamka, anapumua vizuri, ana zaidi ya miezi mitatu. Hapo mnaweza kulala nyumbani, mkimwangalia, na mapema asubuhi mkampime. Kazi ya usiku ni kumpa maji, kumpunguzia maumivu na kumtazama.

Mpe kunyonya mara nyingi kuliko kawaida, au maji safi, uji mwepesi, mchuzi. Kama anaharisha, mpe ORS. Mvue sweta na blanketi zito; nguo moja nyepesi inatosha. Kumfunika ili "atoe jasho" kunaongeza joto. Kwa upande wa pili, maji ya baridi hayasaidii: mtoto hutetemeka, na kutetemeka kunapandisha joto. Hata kumkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kunashusha joto kwa muda mfupi tu, na watoto wengi hulia wakifanyiwa hivyo. Kama mtoto wako anakupenda zaidi ukimwacha apumzike, mwache.

Paracetamol, ambayo wengi tunaiita Panadol, inashusha joto na kupunguza maumivu. Kipimo chake hutegemea uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24, na kati ya dozi na dozi ziwe saa 6. Uzito wa mtoto umeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki mara ya mwisho alipopimwa. Mtoto wa kilo 10 anapata robo ya kidonge cha miligramu 500. Wa kilo 20 anapata nusu. Kidonge kinaweza kusagwa na kuchanganywa na maji kidogo.

Kwenye dawa ya maji kuna mtego. Chupa nyingi zina miligramu 120 au 125 katika kila mililita 5, lakini zipo zenye 250 katika mililita 5 hizo hizo. Chupa zinafanana, ladha ni moja, na kijiko ni kile kile, lakini dozi ni mara mbili. Soma namba kwenye karatasi ya chupa kila unaponunua mpya. Kijiko cha chai cha jikoni hakina kipimo kimoja. Omba kikombe kidogo cha dawa au bomba la sindano lisilo na sindano. Dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani, kwa hiyo ukimpa zote mbili umempa dozi mbili. Paracetamol iliyozidi kwa siku kadhaa huharibu ini.

Mtoto asipewe aspirini. Ibuprofen isitolewe kwa mtoto anayetapika au kuharisha sana, kwa sababu inaweza kuumiza figo za mtoto aliyepungukiwa maji. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu asipewe dawa yoyote ya homa nyumbani kabla ya kuonwa.

Hata baada ya kumpa dawa, weka kengele ya simu kila baada ya saa mbili au tatu. Ikilia, mguse, mwamshe kidogo, mpe maji, angalia kama anakutambua. Ukimkuta amebadilika, rudi kwenye orodha ya juu. Paracetamol haizuii degedege na haitibu malaria. Inaweza kushusha joto huku vimelea vinaongezeka kwenye damu. Ndiyo sababu mtoto aliyepoa saa kumi alfajiri bado anakwenda kupimwa asubuhi.

Ushauri unaotoka ng'ambo

Familia nyingi makazini zina ndugu waliohamishiwa Marekani, Kanada au Ulaya, na usiku mtoto akiumwa, simu ya kwanza huenda huko kwa sababu kwao ni mchana au bado jioni. Ndugu hutuma ujumbe wa sauti: "Huku daktari anatuambia tumpe paracetamol, tungoje siku tatu." Hadanganyi. Katika nchi kama Uholanzi, madaktari wa familia hufanya zamu za usiku, na homa ya mtoto ni miongoni mwa mambo yanayowafanya wazazi wapige simu mara nyingi. Watoto wengi wanaoonwa huko wana virusi ambavyo vitaisha vyenyewe, kwa hiyo kungoja ni ushauri mzuri.

Mbu ndio wanaotofautisha. Huku kuna malaria ya falciparum, ambayo inaweza kumtoa mtoto mdogo kwenye homa ya kawaida hadi kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili. Sheria ya huku ni kwamba mtoto mwenye homa apimwe ndani ya saa 24 tangu ilipoanza, na asiyekuwa na dalili za hatari hapaswi kuvuka asubuhi ya kwanza bila kipimo. Msikilize ndugu yako kwa yote mengine, lakini kwa hili mwambie mpo mahali pengine.

Nani anapatikana usiku

Mtu wa karibu zaidi kwa kawaida ni mhudumu wa afya wa kijiji, VHT. Wengi wao wamefundishwa kuwapima malaria watoto wa chini ya miaka 5 kwa kipimo cha tone la damu kidoleni, kinachotoa jibu kwa muda wa kama dakika 15 hadi 20, na kutoa dawa ya malaria, ya nimonia na ya kuharisha bila malipo. Anaishi kijijini, ni mkimbizi au mwenyeji kama wewe. Watu huona haya kumgongea mlango usiku. Msione haya, mwende wawili, mtaje majina yenu, mngoje afungue.

Baadhi ya VHT wana artesunate inayowekwa njia ya haja kubwa. Ni kwa mtoto mwenye homa na dalili za hatari, wa miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 6, ambaye hawezi kumeza. Dawa hii humshikilia mtoto njiani hadi afike kituoni. Si tiba kamili. Kosa linalotokea ni hili: mtoto anapewa, baada ya saa chache anafungua macho, familia inafurahi na kurudi kulala. Vimelea vilivyobaki huamka tena. Aliyewekewa dawa hiyo lazima aendelee na safari usiku huo huo.

Dawa za VHT huisha, hasa miezi ya baada ya mvua, na tangu fedha za misaada zilipopungua mwaka 2025 baadhi ya vituo vimebaki na wafanyakazi wachache. Muulize VHT wako mchana, kabla mtoto hajaugua, kama ana vipimo na dawa, ili usiku usipoteze saa nzima kwake bure.

Sasa kituo. Kituo cha daraja la pili kwa kawaida hufanya kazi mchana tu. Vya daraja la tatu na la nne vina wodi ya wazazi, na akina mama wanaojifungua hawachagui saa, kwa hiyo mkunga wa zamu huwepo usiku. Wazazi wengi hufika getini, hukuta dirisha la wagonjwa wa nje limefungwa na taa zimezimwa, wakageuka. Usigeuke. Mwambie mlinzi: "Mtoto ana hali mbaya, tupeleke kwa mkunga wa zamu." Mkunga anaweza kumpima, kumwanzishia sindano ya artesunate na kumwita daktari au gari la wagonjwa. Kama mlinzi anakataa, omba umpigie simu mwenyekiti wa wakimbizi wa kijiji chako au mwenyekiti wa LC1 kwa wenyeji. Vituo hivi ni vya wote. Mtoto wa mkimbizi na mtoto wa mwenyeji wanatibiwa katika chumba kimoja, na asiyekuwa na kadi ya familia mkononi usiku huo hafukuzwi kwa sababu hiyo.

Kwenye bodaboda mbebe mtoto kifuani, si mgongoni, ili uone uso wake na usikie pumzi. Usimfunike pua. Kama anaweza kunyonya, aendelee njiani. Beba kadi ya kliniki, daftari la matibabu, na chupa au pakiti ya kila dawa aliyopewa, hata ile ya majani. Usifiche dawa za kienyeji kwa kuogopa kukaripiwa. Muuguzi anahitaji kujua ili asimdhuru mtoto. Kama una kalamu, andika saa homa ilipoanza, saa ya dozi ya mwisho ya paracetamol, na saa ya degedege na ilichukua dakika ngapi.

Barabara za usiku si salama kwa mwanamke peke yake. Kubalianeni mapema na jirani mmoja atakayesindikiza na dereva mmoja wa boda anayejulikana, na namba zao ziwe kwenye simu ya mama, si ya baba tu. Na jambo hili lisemwe wazi nyumbani: mama akiona dalili ya hatari, anaondoka. Hamsubiri baba arudi kutoka safari, wala hampigii mama mkwe simu kuomba ruhusa. Kaya zilizozungumza hili mchana hazigombani usiku.

Duka la dawa

Duka liko karibu, liko wazi, na mwenye duka anazungumza lugha yako. Kununua paracetamol pale si vibaya. Shida ni zile pakiti ndogo za mchanganyiko: vidonge viwili vya antibiotiki, kimoja cha malaria, kimoja cheupe kisicho na jina, na sindano ya "kukata homa". Mtoto anapata nafuu ya saa chache, dozi haijakamilika, na akifika kituoni siku ya tatu hakuna anayejua ametumia nini. Kama duka lina kipimo cha malaria, lipa kipimo kabla ya dawa. Kama halina, nunua paracetamol tu, hifadhi pesa iliyobaki kwa ajili ya boda.

Kwa watoto wachanga kuna hatari nyingine. Homa pamoja na kuharisha kwa mtoto wa miezi michache mara nyingi husemwa ni "meno ya plastiki", ebiino, au kimeo, ikirimi kwa Kirundi na Kinyarwanda, na mtu huitwa aje ayang'oe au akikate. Fizi za mtoto zina vijimeno vinavyojiandaa kuota. Vikichimbuliwa kwa msumari au spoki ya baiskeli, mtoto hupoteza damu, hupata maambukizi, na ugonjwa uliomletea homa bado upo pale pale. Fizi nyeupe si chanzo cha homa. Kimeo kirefu si chanzo cha homa.

Dozi ya saa nane za usiku

Mtoto akipimwa na kukutwa na malaria isiyo kali, hupewa dawa mseto, huku Uganda wengi wakiijua kwa jina la Coartem. Dozi ni 6 kwa siku 3. Ya kwanza hutolewa pale pale, ya pili baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Angalia hesabu hiyo: aliyepewa ya kwanza saa kumi na mbili jioni, ya pili inaangukia saa nane za usiku. Hiyo ndiyo dozi inayosahaulika zaidi, kwa sababu mtoto amelala na mama amechoka. Weka kengele, mwamshe, mpe na maziwa, uji wenye mafuta kidogo au titi la mama, maana dawa hii huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, dozi hiyo lazima irudiwe, kwa hiyo rudi kwa aliyekupa akuongezee. Vidonge vinavyobaki havihifadhiwi kwa ajili ya mdogo wake.

Kipimo kikiwa hasi, usimlazimishe mhudumu atoe dawa ya malaria. Homa ina chanzo kingine: masikio, koo, mkojo, mapafu, surua, mpox kama kuna malengelenge. Na kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha chanya wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa sababu mabaki ya vimelea hukaa kwenye damu. Kama alimaliza dawa wiki iliyopita, mwambie mhudumu, ili atafute kwa darubini.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Uganda mwezi Aprili 2025 katika wilaya nyingi zenye malaria. Inapunguza ugonjwa mkali, haiuzuii wote. Mtoto aliyechanjwa akipata homa anapimwa kama wengine. Chanjo nyingine za utotoni nazo huleta homa ndogo kwa siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au mtoto akikataa kunyonya, hiyo si ya chanjo tena.

Kurudi kituoni

Mtoto aliyelala vizuri na kuamka bila moto bado anakwenda kupimwa asubuhi. Fika mapema, kabla foleni haijajaa, na mwambie wa kwanza utakayemkuta kuwa mtoto alikuwa na homa usiku, kwa sababu akiwa amepoa anaweza kuwekwa nyuma ya mstari. Aliyeanza dawa na bado ana homa baada ya siku 2 au 3 arudi, hata kama dozi haijaisha. Na dalili yoyote ya hatari ikijitokeza katikati ya dawa, mrudishe usiku huo huo, na mweleze mkunga wa zamu kwamba ni mara ya pili.